Talaka ya Imogene

Mwanaume akikudanganya kuhusu mwanamke mwingine, angalau unajua pa kuanzia. Unamtafuta huyo mwanamke, unamtazama juu mpaka chini, unalia, yanaisha. Wendell Tackett alinidanganya kuhusu gari. Majira mawili ya baridi aliniambia kuwa anamtengenezea gari tajiri mmoja wa Columbus, ndiyo maana karakana yake ina kufuli na ndiyo maana ananukia rangi hata kanisani. Nami nikameza kama uji, kwa sababu nilimpenda.

Ukweli niliupata Jumamosi moja ya Septemba, kwenye foleni ya dukani, mkononi nina maziwa na mkate. Mama mmoja wa kwaya yetu alinigusa bega, machozi yanamlengalenga.

"Hongera, Nadine," akasema. "Natoka uwanjani sasa hivi. Nimeliona gari la baba yako limerudi. Nililia, haki ya Mungu nililia."

Gari la baba yangu halikuwa na pa kurudi kutoka. Lilisagwa likawa chuma chakavu mwaka wa sabini na tatu, wiki ile ile tuliyomzika yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Niliyaacha maziwa kwenye kaunta nikaingia garini. Uwanja wa mashindano wa Cutler Flats uko nje kidogo ya mji wetu, lami iliyonyooka katikati ya mashamba ya mahindi, na siku ile ilikuwa siku ya magari ya zamani. Sikuwa nimekanyaga pale tangu utotoni. Wendell alikuwa akishindana pale kila kiangazi na gari la kuazima, na kila kiangazi nilimwambia nina kazi. Nilipoegesha tu, ile harufu ya petroli na mpira uliounguzwa ikanirudisha kuwa mtoto. Nikaichukia harufu ile, na nikajichukia mimi kwa kuivuta ndani.

Nikaliona kabla sijafika. Plymouth Belvedere ya sitini na tano, njano ya kiini cha yai, ekseli ya mbele imesogezwa mbele na pua imeinuliwa juu, matairi vipara mapana nyuma. Na mlangoni, kwa herufi nyekundu zilizolala kama zinakimbia, TALAKA YA IMOGENE. Chini yake kwa herufi ndogo: Dereva, Lloyd Kessler.

Imogene ni mama yangu. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, baba alipoanza kulitoa gari, mama alimtishia talaka, naye mwaka mmoja akaona bora ayaandike maneno hayo mlangoni watu wote wasome. Enzi zile kila gari la mashindano lilikuwa na jina la utani. Majukwaani watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mama alicheka pia. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Wendell alikuwa ameinama ndani ya boneti, mikono ya shati imekunjwa. Akainua kichwa. Akaniona. Nitasema kweli hata kama inaniaibisha: mwanaume yule akinitazama, hata nikiwa na hasira za kumtafuna, nasahau nusu ya nilichokuja kusema. Ana macho ya kijivu yanayotulia juu yako kama mtu aliyefika kwake.

"Nadine," akasema. "Nilikuwa nije kukuchukua mchana. Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua."

"Mpenzi, ngoja kwanza nikueleze..."

"Tajiri wa Columbus hajambo? Mwambie gari lake limeandikwa jina la mama yangu."

Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mzee Dub Fancher anakula soseji. Dub alikuwa fundi wa baba yangu, na sasa ndiye msaidizi wa Wendell. Akaacha kutafuna.

"Binti," akasema, "kijana amelijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alipata bodi tupu imejaa panya huko Kentucky. Kila bolti alinipigia simu kuniuliza, Lloyd aliiweka wapi."

"Wewe nyamaza, Dub! Wewe umekula kwetu kila Sikukuu ya Shukrani tangu nikiwa mtoto. Umekaa meza moja na mama, unamega bata mzinga wake, na hukusema neno."

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

Dub akamnyooshea Wendell ile soseji, akaimega tena.

"Nadine, nisikilize." Wendell alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo akiwa na hofu. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipomwona baba yako akikimbia. Nilikuwa nimening'inia kwenye uzio pale. Kama si yeye, nisingekuwa fundi, ningekuwa nachunga ng'ombe wa mjomba wangu. Miaka minne naja kwenu. Miaka minne nakaa kwenye kochi la mama yako, na hakuna anayelitaja jina lake. Hakuna hata picha. Nikasema, labda nikiwarudishia kitu..."

"Nani alikuambia tunataka kurudishiwa?"

"Hakuna. Ndiyo maana sikuuliza. Ningeuliza mngekataa."

"Alaa! Kwa hiyo unajua tungekataa, ukafanya."

"Nimefanya kwa mapenzi."

"Mwizi naye anapenda alichokiiba, Wendell."

Hilo lilimwingia. Nilitamani kulirudisha neno lile na papo hapo nilitamani kuongeza jingine.

"Ulitaka nini hasa?" nikamuuliza. "Sema. Ulitaka nije nipige makofi?"

"Nilitaka unirudishe mstarini."

Alilisema polepole, mbele ya Dub, na Dub akatazama viatu vyake.

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Dereva kabla ya kukimbia humwagiwa maji chini ya matairi ya nyuma, akayazungusha pale pale mpaka yatoe moshi, mpira uyeyuke ushike lami. Gari husogea mbele kupita mstari wa kuondokea na kuacha alama mbili nyeusi. Kisha lazima apige rivasi arudi juu ya alama zile zile, kwa kuwa mpira hushika juu ya mpira. Akirudi nje yake, gari litateleza atakapoondoka kwa kasi. Na nyuma haoni kitu, moshi mtupu. Kwa hiyo mtu husimama mbele yake na kumrudisha kwa mikono: kulia kidogo, kushoto, njoo, njoo, simama. Kapera hurudishwa na rafiki. Mwenye mke hurudishwa na mke. Na mwanaume wa hapa akimwomba msichana amrudishe mstarini, msichana hana haja ya kuuliza maswali mengine. Mama yake anaanza kutafuta kitambaa cha gauni.

Miaka minne nilisubiri maneno hayo. Sasa yamekuja, na yamevaa nguo za marehemu.

"Hapana," nikasema.

"Nadine..."

"Unataka nisimame mbele ya gari hili? Hili? Nilione linanijia na jina la baba ubavuni? Una akili wewe?"

"Basi lifikirie kama gari tu."

"Kama ni gari tu ungelipaka bluu!"

Watu wa trela za jirani walikuwa wameacha kazi zao. Sikujali. Nilikuwa nimefungua mdomo kuongeza, nikaona Wendell ametazama nyuma yangu na rangi imemtoka usoni.

Mama yangu alikuwa anakuja katikati ya magari, amevaa aproni na viatu vya ndani. Kwenye mji wetu habari haihitaji injini. Ana miaka sitini, mfupi, mwembamba, na watu wazima walimpisha njia kama anapita mchungaji. Hakunitazama. Hakumtazama Wendell. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akasoma jina lake, midomo ikitembea.

"Lifunike," akasema.

"Bi Imogene, shikamoo, mimi..."

"Sitaki shikamoo yako. Nimesema lifunike jina langu."

Wendell akachukua utepe wa karatasi wa kupigia rangi. Akalifunika neno IMOGENE kwa vipande vitatu, vizuri, vimenyooka, na gari likabaki linasema TALAKA YA, kisha karatasi. Dub alikohoa, nadhani ili asicheke, na mama akamgeukia kwa jicho ambalo lilimkausha hapo hapo.

Ndipo mama alipouona mbonyeo.

Ulikuwa chini ya kitasa cha mlango wa dereva, mkubwa kama sahani ya chai, na rangi imepasuka pembeni kidogo. Mimi nilikuwa nimeuona nikadhani ni ajali ya karakana. Mama aliinama. Aliugusa kwa kidole, akauzunguka.

"Hapa pamegongwa na nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimepagonga mimi," Wendell akasema, na Mungu amsamehe, alisema kwa fahari kidogo. "Kuna ile picha kwenye kantini ya uwanja, ya asubuhi ya mwisho. Gari lina mbonyeo hapo. Nilitengeneza mlango mzima, nikaunyoosha kama kioo, halafu nikaubonyeza kwa nyundo ya mpira. Niliharibu milango miwili kabla sijaupata sawasawa. Nilitaka liwe vile vile alivyoliacha, Bi Imogene. Vile vile kabisa."

Ni watu wa magari peke yao wanaoweza kufanya kosa kama hilo. Mtu mwingine angeona dosari kwenye picha, akaificha. Wao wanachukua rula, wanaipima.

"Na picha ilikuambia nani aliugonga?" mama akauliza.

"Hapana."

"Mimi." Akasimama wima. "Kwa kikaango cha chuma, na mayai yakiwa bado ndani."

Hata mimi sikuwa nalijua hilo. Nilijua mama hakwenda uwanjani siku ile baba alipokufa. Mji mzima unajua. Sababu yake haikuwahi kutajwa ndani ya nyumba yetu.

"Alikuwa ameniahidi kuliuza," mama akasema. Alimsemesha Wendell, lakini macho yalikuwa kwenye mlango. "Asubuhi ile akaniambia, kiangazi kimoja tu, Imogene, cha mwisho. Akacheka. Gari liko kwenye trela nje ya jiko, yeye anacheka. Nikamfuata uani nikarusha nilichokuwa nacho mkononi. Kikampita yeye kikapiga hapo. Akaniambia, haya, twende, unirudishe mstarini, hasira utamalizia jioni. Nikamwambia, leo ujirudishe mwenyewe."

Mwisho wake tulikuwa tunaujua wote. Baba alipiga rivasi peke yake ndani ya moshi, hakurudi juu ya alama zake, na taa ya kijani ilipowaka gari lilichepuka likaenda kwenye ukuta.

"Nitaunyoosha," Wendell akasema. "Sikujua, Bi Imogene. Nipe nafasi kidogo tu, naunyoosha sasa hivi."

"Ungekuwa fundi wa kunyoosha huo, ningekuja kwako zamani."

"Mama," nikasema nikamshika mkono. Akauchomoa.

"Na wewe nisikilize. Gari hili likienda kwenye mstari ule leo, mwanaume huyu asikanyage ngazi zangu tena. Ukimfuata, umfuate moja kwa moja, usirudi."

Kipaza sauti kikaita namba ya Wendell. Kikaita tena. Dub akainuka kwenye ndoo, akavua kofia.

"Mimi simo," akasema. "Kijana, nisamehe. Bi Imogene akikataa, mikono yangu haiinuki. Nilikuwepo siku ile."

Wendell akabaki katikati yetu kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Nilidhani atatoa ufunguo. Badala yake alichukua helmeti.

"Kwa jina, naomba radhi," akamwambia mama. "Kwa mbonyeo, nitaomba radhi mpaka nife. Kwa kukimbia, siombi."

"Wendell!" Nilimshika shati. "Ukienda, mimi na wewe basi."

"Na nisipoenda, mimi na wewe nini?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Nitakuwa nani, Nadine? Mtu mwingine tena anayekaa kwenye kochi lile anaogopa kuzungumza? Ulinikuta dereva. Miaka minne hukuja kuniona hata siku moja, nikasema sawa, ana kidonda, subiri. Nimesubiri. Nimechoka kuchumbia nyumba iliyofungwa madirisha."

"Basi nenda! Nenda ukafe kama yeye, uone nani atakulilia!"

Nilisema hivyo. Maneno yenyewe. Akanitazama na yale macho yake ya kijivu, na ndani yake hapakuwa na hasira hata kidogo, palikuwa na mtu aliyechoka ambaye ananipenda. Akaingia garini akafunga mlango.

Injini iliponguruma, kifua changu chote kilitetemeka nayo. Akaondoka polepole kuelekea mstarini, peke yake. Mimi na mama tulisimama kwenye kamba, tumeacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Wakammwagia maji. Akayazungusha matairi, moshi mweupe ukapanda ukalimeza gari zima, likachomoka mbele, likasimama mbali huko, limeacha alama mbili nyeusi nyuma yake.

Mbele ya gari hapakuwa na mtu.

Alisubiri kidogo. Nilijua anatazama nini: lami tupu. Kisha taa zake nyeupe za nyuma zikawaka, gari likaanza kurudi, na kila mtu pale aliona kuwa linakwenda upande. Mkia ulikuwa unavutika kulia, nje ya alama, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Naandika haya nikijua nitalaumiwa. Sikwenda. Hasira ilikuwa imenishika mguu mmoja na woga umeushika wa pili. Nilisema moyoni, Nadine, nenda, mtu wako yule, nenda. Miguu ikakataa.

Kilichonipita ni aproni.

Mama alipita chini ya kamba akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini, kiatu kimoja kilimtoka hapo hapo na hakukirudia. Afisa wa uwanja alinyoosha mkono kumzuia, akausukuma kama tawi. Akasimama mbele ya pua ya lile gari la njano, akainua mikono yote miwili juu.

"Simama!" Nilimsikia juu ya injini. "Simama, mjinga mkubwa wewe! Unakwenda wapi?"

Gari likasimama.

"Mbele! Njoo mbele! Haya. Sasa nyuma. Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu! Umefundishwa na nani wewe? Nyuma. Njoo. Njoo. Usiniangalie machozi, angalia mikono!"

Mikono yake haikusahau kitu. Kiganja kiliinama kidogo na gari likainama nacho. Vidole viliita na gari likaja. Aliyarudisha matairi juu ya alama zile mpaka nyeusi ikalala juu ya nyeusi. Kisha akakunja ngumi zote mbili juu ya kichwa. Hapo. Kwenye majukwaa watu walikuwa wamesimama, na waliomjua hawakupiga makofi, walivua kofia.

Akarudi anachechemea, mguu mmoja na soksi. Uso ulikuwa umelowa na bado ulikuwa wa hasira. Alifika kwenye kamba akasimama mbele yangu, ameipa lami mgongo.

"Mama, geuka, anaondoka."

"Sigeuki."

Akanikamata mikono yote miwili. Taa zikashuka, njano, njano, kijani. Ngurumo ile ikatupiga, na kucha za mama zikaniingia nyamani. Mimi nilitazama kwa niaba yetu wote wawili. Gari liliinua pua, likanyooka, likaenda. Likanyooka. Likawa dogo. Sikupumua mpaka nilipoona taa nyekundu za breki mwisho kabisa wa uwanja, na injini ikashuka ikawa mnong'ono.

"Amefika?" mama akauliza.

"Amefika, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Anafungua mlango. Anatoka."

Akaniachia mikono. Akajifuta uso kwa aproni, kwa nguvu, kama anayefuta meza.

"Basi nenda kagombane naye," akasema. "Mimi ugomvi wangu sikuumaliza."